Maabara ya patholojia jijini Mwanza: ripoti ni nzuri, kifurushi cha protini si cha lazima

Maabara binafsi iliyochunguza uvimbe wa figo wa shangazi yangu, hapa katikati ya jiji, inastahili sifa kwa ripoti inayojibu maswali ya daktari wa upasuaji. Ilitaja aina ya saratani, ile ya seli angavu inayowapata takriban robo tatu ya wagonjwa wa saratani ya figo, pamoja na ukubwa wa uvimbe, daraja lake la ukali kati ya 1 na 4, na iwapo kingo za palipokatwa zilikuwa safi, yaani bila seli za saratani. Mtaalamu mwenyewe alitukaribisha kwenye hadubini, akamwonyesha shangazi seli zilizoonekana tupu ndani, kwa kuwa mafuta na sukari zilizomo huyeyuka sampuli inapoandaliwa. Shangazi alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza maswali ambayo hospitalini hakuthubutu kuyauliza.

Nisichokubaliana nacho ni kifurushi cha viashiria vya protini kinachouzwa mapokezi kwa ahadi kwamba kitaonyesha mgonjwa ataishi muda gani. Sayansi yake ni ya kweli: protini ya Ki-67 ikiwa nyingi, seli zinagawanyika kwa kasi, uvimbe uliopoteza protini ya BAP1 kwa kawaida huwa mkali zaidi, na protini ya KIM-1, inayopimwa kwenye damu, bado inafanyiwa utafiti. Hata hivyo, vipimo hivyo havijawa sehemu ya huduma ya kawaida, na hakuna hata kimoja ambacho kingebadilisha matibabu ya shangazi, ambaye figo ilitolewa kabla saratani haijasambaa. Hata kwa mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa, madaktari hutegemea zaidi himoglobini, kalisi, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), uwezo wa mgonjwa kujihudumia, na muda uliopita tangu agundulike hadi alipoanza dawa. Vipimo hivyo vya damu si vya gharama kubwa.

Kwa familia inayovuka ziwa kutoka Ukerewe, fedha hizo zina kazi ya haraka zaidi: nauli ya kliniki na kipimo cha CT cha ufuatiliaji. Ninaipendekeza maabara hii kwa uchunguzi wa uvimbe, lakini kabla ya kulipia kifurushi mwulizeni daktari wenu majibu yatabadilisha nini. Ombeni pia kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta kitunzwe vizuri, kwa sababu protini hizo za kwenye uvimbe zinaweza kupimwa humo hata baadaye, ikihitajika.