Mafuta ya mgando yasiyo na harufu: uzoefu wangu na ngozi inayochonyota

Kati ya vitu vyote nilivyowahi kupaka, kilichoituliza ngozi yangu ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Natumia Vaseline, kopo ambalo nyuma yake kumeandikwa kiambato kimoja tu, petrolatum. Soma nyuma ya kopo kabla hujalipa, kwa sababu mengi yanayouzwa kama ya watoto yametiwa marashi, na marashi ni adui mkubwa wa ngozi nyeti. Ukiona neno "parfum", rudisha.

Mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yasitoroke. Ndiyo maana ukipaka kwenye ngozi kavu unabaki unang'aa tu huku ukijikuna. Mimi natoka kuoga, najifuta kidogo, napaka ngozi ingali na unyevu. Kwa joto la Dar yanakera mchana: jasho linachuruzika na vumbi linaganda. Kwa hiyo usoni napaka usiku, kiasi kidogo sana. Nikienda Njombe kwenye baridi ya Juni napaka asubuhi na jioni, tena kwa raha. Mwenye chunusi nyingi usoni sidhani kama atayapenda.

Kabla ya mafuta kuna kunawa. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha ukali wa asidi au alikali) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yetu iko karibu na 5, na ukichanganya na maji ya chumvi ya kisima uso unabana kama umepakwa gundi. Natumia sabuni laini ya maji isiyo na harufu, usiku tu. Asubuhi maji matupu yanatosha. Dodoki halifiki usoni kwangu kabisa.

Kitu cha tatu ni mafuta ya kuzuia jua. Yenye SPF 30 (kipimo cha kinga dhidi ya jua) huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, mradi upake ya kutosha: mistari miwili kwenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Yale ya zinki hayanichonyoti, ila kwenye ngozi nyeusi huacha weupe kama majivu. Nimehamia yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo inatokana na oksidi za chuma, ambazo pia husaidia kupunguza madoa meusi yanayochochewa na mwanga wa kawaida.

Basi, hivyo vitatu tu. Bidhaa mpya yoyote naipaka kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, ndipo iguse uso.

Ndugu zangu, muuzaji akikuambia "ngoja nikuchanganyie", ondoka. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, lakini mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua, bado upo mitaani. Na zile tyubu ndogo za steroidi kali, kama klobetasoli, hutuliza muwasho haraka mno, ndiyo maana watu huzing'ang'ania. Ukizitumia usoni muda mrefu bila daktari, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha, muwasho unarudi kwa kishindo. Ngozi ikipasuka au kutoa majimaji, hapo hata kopo langu halitoshi. Nenda kliniki ya ngozi, na ubebe kila unachopaka ili daktari akione.