Diskasi wa Pigeon Blood: rangi safi, na pilipili manga inayokuja nayo

Kwa mbali, Pigeon Blood, aina ya diskasi (samaki bapa wa mapambo anayefugwa kwenye tangi la kioo), ni sahani ya rangi ya chungwa inayoelea. Sogea mpaka pua ikaribie kioo. Kwenye paji la uso, juu ya mgongo na kwenye ncha za mapezi kuna chembe nyeusi ndogo ndogo, kana kwamba kuna aliyesaga pilipili manga akamnyunyizia. Chembe hizo ndizo zinazopandisha au kushusha thamani ya samaki huyu, na wanunuzi wengi huziona kwa mara ya kwanza wiki kadhaa baada ya kulipa.

Aina hii ilianzia Thailand, kwa mfugaji Kitti Phanaitthi, na ilisambaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Diskasi wa kawaida ana mistari 9 ya wima, ambayo hukolea anapoogopa au anapoumwa. Pigeon Blood hana mistari hiyo hata kidogo, ndiyo maana rangi yake ya juu inang'aa bila kukatwakatwa. Ila jeni iliyoleta sifa hiyo haikufuta weusi. Ilivuruga mpangilio wake. Seli za melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, ambazo zingejipanga kuwa mistari zimetawanyika kila mahali, na hiyo ndiyo pilipili manga unayoiona. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba ni uchafu wa utotoni utakaoisha wenyewe, usimkubalie. Mara nyingi chembe huongezeka samaki anavyokua.

Kinachopendeza ni kwamba urithi wa sifa yenyewe ni rahisi kuutabiri. Jeni ya Pigeon Blood ni tawala: nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuondoa mistari. Mwenye nakala moja akipandishwa na diskasi wa mistari, takriban nusu ya vifaranga watakuwa Pigeon Blood. Wenye nakala moja moja wakipandishwa wao kwa wao, robo tatu watakuwa Pigeon Blood na robo watatoka na mistari, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa wazazi wote wawili hawana hata mmoja. Kama unataka kujua samaki wako ana nakala moja au mbili, mpandishe na diskasi wa mistari. Kifaranga mmoja tu mwenye mistari akitokea, jibu ni moja. Wakifika 10 bila hata mmoja wa mistari, karibu hakika ana mbili: kwa mwenye nakala moja, uwezekano wa hilo kutokea ni chini ya 1 kwa 1,000.

Wingi wa chembe, hata hivyo, ni hesabu nyingine kabisa. Unaendeshwa na jeni nyingi ndogo kwa pamoja, hivyo hakuna robo wala nusu ya kutegemea. Kuna kuchagua tu, kizazi hadi kizazi. Hapa ndipo matoleo ya sokoni yanapotofautiana. Marlboro Red na Red Melon zimetokana na Pigeon Blood iliyochujwa kwa muda mrefu, na walio bora wanabaki na chembe chache kwenye mapezi tu. Checkerboard, na chotara wengi wa Pigeon Blood na snakeskin au turquoise (aina nyingine za diskasi), ndio wachafu zaidi, kwa sababu damu ya pili inaleta weusi mwingi ambao jeni ya kwanza inautawanya. Michoro yao ni mizuri mno, na anayeipenda michoro anunue bila wasiwasi. Asitarajie tu usafi. Kosa la kufuga ambalo halisameheki ni kumpandisha Red Melon safi na diskasi wa porini au turquoise ili "kuongeza nguvu", kisha kuuza watoto wenye chembe tele kwa jina la baba yao.

Sasa tuje kwenye mandhari ya tangi, maana hapa ndipo mnunuzi anapopigwa. Seli ya melanini ya samaki ina chembechembe za rangi ndani yake. Mazingira yakiwa meupe, homoni huzikusanya katikati ya seli na doa linasinyaa hadi karibu halionekani. Yakiwa meusi, zinatawanyika na doa linapanuka. Hilo huchukua dakika hadi saa chache. Samaki akikaa wiki nyingi kwenye mazingira meusi, hata idadi ya seli zenyewe huongezeka, na kurudi nyuma kunakwenda polepole vilevile. Ndiyo maana maduka makini na maduka ya ujanja yote hufuga Pigeon Blood kwenye matangi ya samawati hafifu au meupe. Samaki huyohuyo akihamishiwa kwenye tangi lenye mchanga mweusi, magogo na karatasi nyeusi nyuma, anageuka kana kwamba amepakwa masizi.

Kabla ya kulipa, omba awekwe siku mbili tatu kwenye tangi lenye pande za kijivu, chini ya taa nyeupe. Taa za wekundu huficha mengi. Anayebaki na chembe kidogo hapo ana usafi wa damu. Anayechafuka ulikuwa unanunua rangi ya ukuta. Mkague pia kwa ukubwa: diskasi wa sentimita 5 mwenye rangi iliyokolea kama ya samaki mkubwa huenda amelishwa homoni, na rangi hiyo hufifia. Astaksanthini, kirutubisho cha rangi nyekundu, kwenye chakula ni halali na inaongeza wekundu, lakini haiondoi hata chembe moja nyeusi.

Nyumbani, tumia tangi la chini tupu au mchanga wa rangi ya krimu, na mandhari ya nyuma ya samawati hafifu. Nyeupe tupu chini ya taa kali humtia hofu, akakaa pembeni na kukataa chakula. Joto liwe nyuzi 28 hadi 30, pH kati ya 6 na 7, amonia na nitraiti zisiwepo kabisa. Maji mabaya nayo huongeza weusi, na hapa inafaa kutofautisha. Pilipili manga ni bapa, imo ndani ya ngozi, na inadumu miezi bila kubadilika ghafla. Weusi unaofuata kuungua kwa amonia huja kama moshi kwenye kingo za mapezi, siku chache baada ya maji kuharibika. Doa la kimelea limeinuka. Ukimtazama kwa ubavu linaonekana kama punje. Anayetia dawa ili kuondoa pilipili manga anamtesa samaki mzima wa afya.

Kasoro kubwa ya aina hii, kwa uzito kuliko chembe zenyewe, ni kwamba umepoteza kengele ya hatari. Diskasi mwenye mistari anakuonyesha shida kwa kukoleza mistari yake. Pigeon Blood hana cha kukoleza. Itakubidi usome dalili nyingine: mapezi yaliyobanwa, kupumua kwa tamvua moja, ute unaofanya ngozi iwe kama ina ukungu, kinyesi cheupe kama uzi. Kwa anayeanza kufuga diskasi, hiyo ni sababu tosha ya kuanza na turquoise.

Kasoro ya pili huonekana wakati wa kuzalisha. Vifaranga wa diskasi hula ute wa wazazi katika siku za kwanza za kuogelea, nao huwatafuta kwa kufuata kitu cheusi. Wazazi wa kawaida hukolea wakati huo. Pigeon Blood anabaki mng'avu, na vifaranga wanakwenda kujazana kwenye hita, kwenye sponji nyeusi ya chujio au kwenye kona yenye kivuli, wakafia hapo kwa njaa huku wazazi wako sentimita 30 tu kutoka kwao. Dawa yake ni kuhakikisha hakuna kitu ndani ya tangi kilicho cheusi kuliko mzazi: pande zote na sakafu ziwe nyeupe au samawati hafifu, sponji ya rangi nyepesi, hita itolewe ikiwa chumba chenyewe kina joto la kutosha, na maji yapunguzwe hadi kina cha sentimita 20 au 25 ili umbali wa kutafuta uwe mfupi. Njia nyingine ni kumpandisha Pigeon Blood na mwenzi mwenye mistari, aweze kukolea kwa niaba ya wote wawili. Gharama yake ni watoto wenye chembe zaidi.

Kwa tangi la mimea na magogo ya giza, aina hii haifai. Kwa tangi la rangi hafifu lenye maji yanayobadilishwa mara kwa mara, Red Melon safi hana mpinzani kwa wekundu. Asiyetaka hata chembe moja achukue albino, asiye na melanini kabisa. Ajue tu kwamba jeni yake imejificha na huhitaji nakala mbili, na kwamba macho yake mekundu hayavumilii taa kali.