Mkoba wa puto la poromoko la theluji: uzoefu wangu kwa anayepanda peke yake

Swali ni hili: anayepanda peke yake anufaike zaidi na mkoba wa puto au na bikoni, yaani kifaa cha redio kinachotuma ishara ili aliyefukiwa atafutwe? Nianze na jibu. Kwa mtu anayepanda milima kwa skii peke yake, mbali na njia zinazosimamiwa, mkoba wenye puto la hewa, linalojaa ukivuta mpini, una manufaa kuliko bikoni. Bikoni, koleo na fimbo ya kupimia theluji ni vifaa vya mwenzako kukutafuta na kukufukua, na wewe huna mwenzako. Ukifukiwa kabisa, nafasi ya kupona hushuka kwa kasi baada ya dakika kumi hivi za kwanza, na kikosi cha uokoaji kikiitwa kutoka bondeni ni nadra kiwahi. Bikoni bado naivaa na kuiwasha, maana huenda kuna kundi jingine jirani, na waokoaji nao hawastahili kuzunguka chini ya mteremko hatari wakinitafuta kwa kubahatisha.

Ninaoutumia ni wa lita 30, wa feni ya umeme, na puto lake la lita 150 hujaa kwa sekunde chache. Theluji inayoporomoka hufanya kazi kama ndoo ya mchanga na kokoto inayotikiswa: vipande vikubwa hupanda juu. Puto hukufanya kipande kikubwa. Ndiyo maana halisaidii sana kwenye korongo au shimo, ambako theluji husimama ghafla na nyingine ikaja kukulalia. Mti na mwamba nao haliwezi kuvizuia.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa, kwa waliokumbwa vibaya, vifo vilikuwa asilimia 22 bila puto kujaa na asilimia 11 lilipojaa. Nafuu ni kubwa, ila si kinga kamili. Katika utafiti huohuo, puto moja kati ya matano halikujaa, na sababu kuu ilikuwa mtumiaji mwenyewe kutofyatua. Kwa hiyo mkoba huu naupima kwanza kwa mpini wake.

Mpini uko kwenye mkanda wa bega la kushoto na unaweza kuhamishiwa kulia. Urefu wake hurekebishwa, na hapo usifanye haraka: vaa glavu zako nene kabisa, fumba macho, peleka mkono. Usipoushika mara ya kwanza, urefu si sahihi. Uzuri wa feni ni kwamba unaweza kufanya mazoezi ya kufyatua bila kununua mtungi mpya wa gesi, tofauti na mikoba ambayo puto lake hujazwa kwa gesi. Toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo za skii kabla ya mteremko wa wazi, kwa sababu fimbo iliyozama kwenye theluji hukushika mkono usifike begani. Msituni mpini narudisha mfukoni mwake na kufunga zipu, maana matawi huukamata.

Halafu kuna mkanda wa kati ya mapaja. Wengi huuacha ukining'inia kwa sababu unakera ukipanda. Bila huo, puto linavutwa juu na mkoba unakuvuka kichwani.

Kukunja puto ndiko kunakochosha. Likunjwe kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, lisiviringishwe, na zipu ya kupasuka, ile inayoachia puto likijaa, ianze mahali hasa palipoonyeshwa kwenye maelekezo. Likikunjwa na unyevu, maji huganda usiku na meno ya zipu hushikana. Usifunge kamba, wavu wa helmeti wala skii mahali puto linapotokea, na tundu la kuvutia hewa lisizibwe na koti.

Umeme wake unahifadhiwa kwenye kapasita, ambayo huvumilia baridi kuliko betri ya kuchaji, ikisaidiwa na betri mbili za AA. Weka za lithiamu. Za alkali hudhoofika kwenye baridi kali. Naangalia taa ya kijani kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kuteremka. Kasoro: mfumo peke yake una uzito wa zaidi ya kilo moja, na mota hula nafasi, hivyo lita 30 za kwenye lebo zinatosha siku moja tu.

Kuna kasoro nyingine isiyo ya kiwandani: puto hushawishi mtu kuingia mteremko ambao angeukwepa. Mimi mipaka yangu ya mtu mmoja haibadiliki nikiwa nalo. Tahadhari ya maporomoko ikiwa daraja la 3 kati ya 5, sigusi mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, wala sipiti chini yake.

Kwa mguu uliovunjika puto halina msaada, kwa hiyo bado unahitaji kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Kifunge kwenye mkanda wa bega ambako mkono unafika ukiwa umelala chali, angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni, na simu iwe mbali vilevile.