Utafiti wa dawa za kulevya shuleni: hojaji nzuri, usimamizi dhaifu

Muhula uliopita, shule yetu ya upili iliyo Eastlands, hapa Nairobi, iliiajiri kampuni moja ndogo ya utafiti ichunguze matumizi ya pombe na dawa za kulevya miongoni mwa wanafunzi, nami, nikiwa mjumbe wa kamati ya wazazi, niliifuatilia kazi hiyo tangu mwanzo.

Hojaji yenyewe naisifu bila kusita. Ilitenganisha aliyewahi kuonja maishani, aliyetumia katika miezi 12 na aliyetumia katika siku 30 zilizopita, mgawanyo ambao uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi wa Marekani umeutumia tangu 1975. Ilitaja miraa, muguka (aina ya miraa) na kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni) kwa majina wanayoyatumia vijana wenyewe. Tena ilipenyeza jina la dawa isiyokuwapo duniani, ili anayedai kuitumia ajulikane kuwa anajigamba tu. Hila hiyo ilinichekesha, lakini ina maana.

Kilichoharibu mambo ni usimamizi. Wanafunzi walijaza karatasi hizo huku mwalimu wa nidhamu akipita katikati ya madawati, na juu ya kila karatasi palikuwa na nafasi ya nambari ya usajili. Ni mtoto gani atakayekiri kuvuta bangi mbele ya mtu anayeweza kumfukuzisha shule? Tulipolalamika, kampuni ilirudia zoezi kwa bahasha za kufungwa, bila nambari wala walimu, ingawa ilitutoza malipo ya siku hiyo ya pili.

Wasiokuwapo siku hiyo hawakufuatiliwa, ilhali watoro ndio tunaowahofia zaidi. Ningewaajiri tena, ila kwa masharti yaliyoandikwa.