Darubini za kununua Unguja na Pemba: kwanza kuvu, mengine baadaye

Tangu masika yaishe, malalamiko ninayoletewa na vijana wanaotembeza wageni Ngezi na Kidike huku Pemba, na Jozani kule Unguja, yanafanana. Darubini ni mpya, haijaanguka, haijazama, na bado ukitazama unaona weupe katikati. Wengine wameisugua kwa kanga mpaka wameikwaruza kioo. Weupe wenyewe haukuwa nje. Ulikuwa ndani, na ni kuvu.

Kwa hiyo sitawachosha na habari za ukuzaji. Chukua 8x42, basi: namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10x42 inatikisika zaidi mkononi, inapunguza mwanga chini ya miti mikubwa ya Ngezi, na ndege mdogo kama chozi wa Pemba hakungojei umtafute tawi kwa tawi. Nyinyi wa Jozani mna raha yenu, kima punju karibu awakalie kichwani, hata bila darubini mgeni anaridhika. Huku Pemba ninga anakaa juu kabisa, na popo wa Kidike mtu humtazama kwa mbali.

Tuje kwenye kuvu. Wanaojua kutunza lenzi wanataka hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kwetu wakati wa mvua hupita 80 bila taabu, hata chumbani. Hewa hiyo ikishaingia ndani ya darubini, mbegu za kuvu zinapata kila kitu: maji, giza, joto na vumbi la kula. Baada ya muda unaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu ikiachwa hutoa asidi inayokula ule utandu wa rangi juu ya lenzi, na hapo hata fundi akiifungua na kuisafisha, alama inabaki. Fundi wa kuifungua na kuirudisha macho yote mawili yakatazama pahala pamoja, hapa visiwani, nitajieni nami nimjue.

Hewa inaingiaje? Chukua ile darubini ya kizamani yenye mabega, ambayo lenzi za mbele zimeachana kuliko za jichoni. Zungusha gurudumu la kulengea huku ukiangalia zile tundu za jichoni: zinatoka, zinaingia. Kila zikitoka zinavuta hewa ndani. Basi kila ndege uliyemlenga siku hiyo amekuingizia pumzi moja ya bahari. Zile zilizonyooka mfano wa bomba mbili, zikiwa zimetengenezwa vizuri, lenzi ya kulengea hutembea ndani kwa ndani, nje hapana kinachotoka. Zimezibwa kwa oringi, yaani pete za mpira, hewa ya kawaida imetolewa na ikajazwa nitrojeni au argoni kavu.

Hilo ndilo la kuuliza dukani, na ndilo hakuna anayeuliza. Imezibwa na kujazwa gesi? Usikubali jawabu la «inastahamili mvua». Kustahamili matone ni kitu kingine. Tafuta kwenye boksi maandishi ya kuzama: mita 1 kwa dakika 10, au alama ya IPX7, ambayo ni mita 1 kwa nusu saa. Kama hakuna, rudisha. Faida yake si kwa kuvu tu. Anayepeleka wageni Misali au kuangalia pomboo Kizimkazi anarudi na darubini iliyorashiwa chumvi, na chumvi haitoki kwa kufuta, inataka kuoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi. Iliyozibwa utaiosha bomba likitiririka. Isiyozibwa utaiosha vipi?

Sasa niseme ninayoipenda. Nikon Monarch M5, 8x42. Nitaambiwa nina upendeleo, ninao. Imejazwa nitrojeni, inazama mita 1 kwa dakika 10, ina gramu 630, na unaweza kuweka jicho milimita 19.5 kutoka kwenye kioo ukaona duara zima. Hilo la mwisho, nafasi ya jicho, walimu wangu wenye miwani watanishukuru, maana kwenye darubini nyingi wenye miwani huona kitundu tu. Wapinzani wangu watasema upana wa eneo inaloonyesha ni nyuzi 6.4, mdogo kuliko wa wenziwe. Kweli ni mdogo. Lakini rangi za manyoya zinatoka safi hata jioni, na mtu akijifunza kuinua darubini bila kumwacha ndege kwa jicho, huo upana haumsumbui.

Ya pili ni ndugu yake mdogo, Nikon Prostaff P3, 8x42. Kwa kijana anayeanza kazi, hii ndiyo. Kuzibwa kwake ni kule kule, gesi ile ile, ni nyepesi, gramu 565, na nafasi ya jicho ni milimita 20.2. Kioo si cha daraja la M5, ukiitazama dhidi ya mbingu nyeupe utaona kijirangi pembeni mwa tawi. Ila kuvu haitaiingia kwa urahisi, na ndiyo mada yetu. Mwenye uwezo wa hii asione haya.

Ya tatu Vortex Diamondback HD 8x42. Wapenzi wake ni wengi na hawana makosa: argoni ndani, upana wa kutosha, na inalenga kitu kilicho karibu kama mita moja na nusu, kwa hiyo wa vipepeo wataipenda. Nafasi ya jicho milimita 17, wenye miwani wajaribu kwanza. Watu wanaisifia sana kwa dhamana yake ya maisha. Dhamana nzuri, nakubali. Lakini kuirudisha itengenezwe, kutoka huku Konde ni gari hadi bandarini, meli, kisha ndege, na mgeni wa Ijumaa hakungoji irudi. Mimi nanunua kitu ili kisiharibike.

Manahodha wana yao: 7x50 za baharini, zile ambazo kila jicho unalilenga peke yake. Hazina gurudumu la katikati, kwa hiyo nyingi zimezibwa vizuri. Ni nzito, na msituni ni adhabu.

Za bei rahisi? Zile zilizoandikwa 60x60 zenye kioo chekundu, usinunue.

Mitumba ina maneno zaidi, kwa sababu wageni huwaachia watembezaji darubini nzuri nzuri, na baadaye zinauzwa mkono kwa mkono. Washa taa ya simu, imulike kupitia lenzi ya mbele, wewe tazama kwa pembeni upande wa jicho. Nyuzi, madoa ya duara, ukungu wa mafuta, vyote vitaonekana. Kisha geuza, mulika upande wa pili. Muuzaji akikwambia «hilo vumbi tu dada», mwambie alitoe.

Na wauzaji hawa, jamani. Niliingia duka moja mjini Unguja kuulizia P3. Bei niliyotajiwa ilishinda M5 ilivyokuwa ikiuzwa Marekani wakati ule, karibu dola 300. Nikasema sawa, meli, kodi, pango, kila mtu ale. Nikaomba risiti, akacheka. Boksi lilikuwa limefunguliwa, darubini imekaa dirishani juani, na kile kifuko kidogo cha silika kinachonyonya unyevu alikuwa amekitupa, ati ni takataka. Kisha akanitolea ya 60x60: «Chukua hii dada, inaona mpaka Bagamoyo.» Mtu haulizwi atakwenda nayo wapi, haulizwi kama anavaa miwani, anatajiwa Bagamoyo. Halafu ikiota kuvu kwa mwezi, anaambiwa hajui kutunza.

Ukishanunua, mkoba wa ngozi uweke kando, ngozi inashika unyevu na kulisha kuvu. Kabatini na nguo pia hapana. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na silika, hata ile ya kwenye maboksi ya viatu ukikusanya ya kutosha, lakini darubini ikiwa imelowa mvua iache ikauke kwanza kwenye upepo. Mara moja moja itoe ipate mwanga, usiielekeze kwenye jua. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani imeshajaa maji: ikaange taratibu kwa moto mdogo mpaka rangi irudi, kwenye kikaango usichokusudia kupikia tena, iache ipoe kabisa ndipo uirudishe ndooni.