TAHADHARI: Duka la bangi la Bronx lenye stika ya leseni ya uongo, msiingie

Ndugu zangu wa New York na New Jersey, na nyinyi mnaokuja kututembelea, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nimepigwa changa la macho mchana kweupe, ndani ya duka linalong'aa taa, na aliyenipiga alikuwa ananiita mama.

Goti langu linaniuma mpaka nakosa usingizi. Daktari nilimwona, na sindano yake haikunisaidia.  Aliyenishauri nijaribu pipi za bangi ili nipate usingizi ni rafiki yetu mmoja, na hana kosa hata kidogo, maana yeye ananunua Manhattan kwenye duka la halali na mpaka leo analala vizuri. Wala sikwenda kichochoroni. New York ilihalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 31 Machi 2021, na duka la kwanza la halali likafunguliwa Broadway tarehe 29 Desemba 2022, likiwa la shirika la misaada la Housing Works. Ukishatimiza miaka 21, ruksa. Kwa hiyo wanaotaka kuniuliza mtu mzima kama mimi na bangi wapi na wapi, hilo tutalizungumza siku nyingine. Leo nazungumzia wizi.

Duka liko Bronx, chini ya reli ya juu, jirani na ninapobadilishia basi nikitoka kwa bibi ninayemhudumia. Jina silitaji, kwa sababu wameshabadilisha kibao. Mkilikariri lile la zamani mtapita mlangoni bila kujua kuwa ni hao hao.

Nataka mwelewe kwa nini niliamini. Sakafu inang'aa kama ya benki. Makabati ya vioo, vyungu vya maua, na kijana aliyevaa koti jeupe, koti lile la mfamasia kabisa. Ukutani kuna karatasi ndani ya fremu, ina muhuri wa Jimbo la New York. Mlangoni kuna stika yenye msimbo wa QR. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa kwamba duka halali lazima libandike stika hiyo karibu na mlango mkuu, na kwamba uiskani kabla ya kuingia. Nikatoa simu, nikaskani. Ukafunguka ukurasa wenye alama ya tiki kubwa ya kijani na maneno kwamba duka hili limethibitishwa. Sasa niambieni, mtu afanye nini zaidi ya hapo? Nilisimama nje na baridi ile, nikaskani, nikasoma, ndipo nikaingia.

Kijana akanipokea vizuri mno. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, Tanga. Akacheka, akasema ana shemeji yake wa Mombasa, akanisalimia "habari gani mama" kwa Kiswahili cha kujikokota. Hapo moyo ukalainika, sifichi. Baada ya kutwa nzima ya kuitwa "hey you" na watoto wa yule bibi, mtu akikusalimia kwa lugha ya kwenu unamwona ndugu.

Nikamweleza goti, nikamweleza usingizi. Nikamwambia wazi kwamba sijawahi kutumia, nataka kitu kidogo kabisa. Akainama chini ya kaunta. Sikilizeni hapo, hakuchukua kilichopangwa kwenye kioo, aliinama chini. Akatoa kipakiti chenye rangi kali, kimechorwa pipi zilezile ambazo watoto wetu wananunua dukani. Nikamwuliza, "Mbona imeandikwa 1000mg?" Akanitazama usoni, hakupepesa, akasema, "Hiyo ni namba ya toleo la kiwanda, mama. Kila pipi ni kumi tu." Nikamwuliza tena, "Kumi kweli?" Akaweka mkono kifuani, akaapa. Akaongeza na maneno ambayo mpaka sasa yananirudia usiku: "Kula moja. Nusu saa ikipita hujasikia kitu, ongeza ya pili."

Akajaribu pia kuniuzia kartriji ya kuvuta, ile ya mafuta ya bangi inayowekwa kwenye sigara ya kielektroniki, nusu bei. Nikakataa, sivuti moshi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Wakati wa ule ugonjwa wa mapafu wa 2019 ulioletwa na sigara za kielektroniki, watu 2,807 walilazwa au kufa Marekani nzima hadi Februari 2020, na kati yao 68 ndio waliokufa. Kilichoshukiwa zaidi ni mafuta ya asetati ya vitamini E, yaliyochanganywa kwenye kartriji za bangi za kuuzwa kwa njia za panya. Na huyu kijana alikuwa ananisukumizia kitu hicho hicho huku anatabasamu!

Mashine ya kadi "imeharibika." Akanipa namba ya Zelle, ile huduma ya kutuma pesa kwa simu kutoka benki hadi benki, nikatuma. Jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, halifanani na la duka. Risiti hakuna. Akasema bei imeshajumlisha kila kitu.

Nyumbani nikala moja. Nusu saa, kimya. Nikala ya pili, kama mtaalamu wa koti jeupe alivyonielekeza.

Yaliyofuata nayaeleza kwa sababu kuna mwingine yatampata. Moyo ulianza kwenda mbio mpaka nikausikia masikioni. Kuta zikawa zinasogea. Ulimi mkavu, nataka kumwita binti yangu na sauti haitoki, nikawa nagonga ukuta kwa kiganja. Nilidhani nakata roho. Nilitamka shahada. Binti yangu akapiga simu, wakaja watu wa gari la wagonjwa, wakanishusha ngazi zote zile kwa kiti huku majirani wamefungua milango. Mama wa ghorofa ya pili, ambaye kila Ijumaa ananiomba nimsomee dua, amesimama pale anatazama. Hospitali daktari akauliza nimekula nini, na aliyejibu ni binti yangu. Mimi niliyemlea kwa kumkataza hata kukaa karibu na wavuta sigara! Nilifumba macho nisimwone anavyotamka. Aibu ile yule kijana hanilipi hata akiniletea pesa kwenye sahani.

Binti ndiye aliyeusoma ule mfuko vizuri baadaye. Pipi kumi, miligramu 1000. Maana yake kila pipi miligramu 100, kama maandishi yao yana ukweli wowote. Sheria ya New York inasema kipimo kimoja cha kula kisizidi miligramu 10 za THC, yaani kile kinacholevya ndani ya bangi, na pakiti nzima isizidi 100. Kwa hiyo pipi moja niliyoapiwa kuwa ni kumi ilikuwa sawa na pakiti nzima ya duka halali. Nami nilikula mbili, mara yangu ya kwanza maishani. Tena bangi ya kula si ya kuvuta. Inapita tumboni na kwenye ini kwanza, inaweza kuchukua saa mbili ndipo ikupande. Muuza bangi analijua hilo. Anayekuambia uongeze baada ya nusu saa anajua anachokufanyia.

Na mtoto je? Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa amelala chumba cha pili, na ule mfuko ulikuwa mezani, umechorwa pipi anazozijua. Kila nikifika hapo nashindwa kuendelea.

Haya, dalili. Binti na yule rafiki yetu wa Manhattan wamenifafanulia, nami nawapa kama nilivyoelewa. Ile karatasi ya ukutani yenye muhuri wa jimbo ilikuwa ya kukusanya kodi ya mauzo, hata muuza viatu anayo. Leseni ya bangi inatolewa na Ofisi ya Usimamizi wa Bangi ya jimbo, OCM. Stika ya kweli ukiiskani inakupeleka kwenye tovuti yao, cannabis.ny.gov, basi soma anwani iliyo juu ya skrini. Ile niliyoskani mimi ilinipeleka kwenye ukurasa wa duka lenyewe, wakajipigia tiki wenyewe. Bora zaidi, usiskani kitu. Fungua tovuti ya OCM ukiwa nyumbani, tafuta jina na anwani kwenye orodha yao, kisha ndiyo utoke.

Mlangoni hakuna aliyeniomba kitambulisho. Duka halali wanakiomba kwa kila mtu, hata mwenye mvi, na wakikuletea nyumbani wanakiangalia pia. Kipakiti changu kilikuwa na alama ya California. Bidhaa ya duka la halali New York inatakiwa iwe imelimwa na kutengenezwa humu humu jimboni, maana kuvusha bangi kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la serikali kuu. Ukiona California, ondoka. Pakiti ya kweli ina alama ya THC, ya 21+ na ya jimbo la New York, ni ngumu mtoto kuifungua, haina michoro ya kuvutia watoto, na ina njia ya kukuonyesha majibu ya maabara. Kodi ni asilimia 13, yaani 9 za jimbo na 4 za mahali ulipo. Utaiona kwenye risiti, tena risiti ya kweli. "Bei imeshajumlisha" bila risiti ni wizi. Kadi za mkopo hata maduka halali hawapokei, kwa hiyo mashine peke yake si dalili. Dalili ni Zelle ya jina la mtu. Ile pesa hairudi, benki wameniambia niliituma mwenyewe.

Maabara si jambo dogo. Mwaka 2022 chama cha wazalishaji wa bangi ya tiba cha New York kilipeleka kupimwa bidhaa za maduka 20 yasiyo na leseni hapa jijini, na kama asilimia 40 zilikutwa na uchafu wa kudhuru, vikiwemo vijidudu vya E. coli na salmonella, na madini ya risasi. Najua chama hicho kina biashara yake ya kulinda. Lakini baada ya nilichokula mimi, nawaamini.

Na nyinyi mnaosubiri uraia, au mna green card tu, nawaomba kwa heshima zote: msiguse kabisa, hata ya duka lenye leseni. Mimi nilishaapa uraia zamani. Serikali kuu ya Marekani haitambui ruhusa ya jimbo, na tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, iliandika wazi kwamba bangi inaweza kukuangusha kwenye kigezo cha tabia njema, hata kama jimbo lako limeruhusu. Kufanya kazi kwenye maduka hayo pia kumo. Kuna vijana wetu wanaajiriwa mle kwa sababu malipo ni ya mkononi. Waambieni watoke.

Sasa huyu kijana na tajiri wake. Mei 2024 jiji lilianza msako wa kufunga maduka ya namna hii, yakatiwa kufuli zaidi ya 1,000. Sherifu ana uwezo wa kulifunga duka mwaka mzima, na jimbo linaweza kuwatoza hadi dola 20,000 kwa siku. Nataka watozwe zote. Nataka mwenye jengo naye atozwe, maana anajua kabisa amempangisha nani na anakula kodi yake kila mwezi. Nataka yule wa koti jeupe asimame mbele ya hakimu aulizwe namba 1000 ni ya nini, aape tena kwa mkono kifuani kama alivyoniapia mimi. Kufunga mlango tu hakutoshi. Wanabadilisha kibao, wanaendelea. Hivi ninavyoandika nimepita hapo na basi, taa zinawaka.

Ukijikuta umekula kama mimi, au mtoto ameokota, usione haya kupiga simu. Namba ya sumu ni 1-800-222-1222, saa zote, na ukiomba mkalimani wanakutafutia. Kama mtu hapumui vizuri au haamki, piga 911.

Mfuko wangu nimeufunga ndani ya nailoni, nimeuweka juu ya kabati pamoja na picha ya muamala wa Zelle. Tayari nimepiga 311, namba ya malalamiko ya jiji, kuwashtaki na nimejaza malalamiko OCM. Malalamiko ya mtu mmoja yanakaa kwenye foleni. Kama na wewe ulinunua kwa huyo kijana, usiutupe mfuko hata kama una aibu, nitafute faragha na jina lako halitatoka kwangu. Jumanne mimi sina zamu, nakwenda na binti yangu kuulizia wamefikia wapi, na kwenye gari kuna nafasi.