Kikokotoo cha pointi za Kanada: nimekitumia nikiwa Tanga, na wakala sikumlipa

Wengi wananiuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu "akutolee pointi" za kuhamia Kanada. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa hesabu. Mimi ni muuguzi hapa Tanga, nina shahada moja, nina miaka 33, sijaolewa, na kazini nimeshapita miaka mitatu. Kikokotoo ninachokizungumzia ni kile cha serikali ya Kanada yenyewe. Kipo wazi mtandaoni, hakidai hata senti, na mimi nilikijaza kwa simu usiku wa zamu, wodi ikiwa imetulia.

Jambo la kwanza: mageti ni mawili, na watu huyachanganya. Geti la kwanza ni pointi 67 kati ya 100, za mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi. Ukizipata, unaruhusiwa kuingia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji, ulioanza Januari 2015. Ukishaingia unapimwa upya kwa hesabu nyingine kabisa, ya hadi 1,200, ukishindana na watu wa dunia nzima. Wakala mmoja wa Ngamiani alinipongeza kwa kuvuka 67 kana kwamba viza imeshagongwa. Kuvuka 67 ni kupewa namba ya foleni tu.

Kikokotoo changu ni cha hesabu hii ya 1,200, na uzuri wake ni kwamba unaweza kukichezea. Umri wangu unanipa 88, shahada 120, hapo sina la kubadilisha. Kilichobaki ni lugha. Matokeo yangu ya awali ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, yalikuwa kusikiliza 8, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6.5. Jumla ikaja 362. Nikarudi nikabadilisha kuandika peke yake, nikaweka 7. Ikaja 407! Pointi 45 kwa nusu alama ya insha.

Nilidhani kimekosea, nikakaa na kalamu. Kumbe kuandika kwenyewe kunaongeza 8 tu. Hizo 37 nyingine zinatoka kwenye kipengele kinachounganisha Kiingereza na mambo mengine: stadi zote nne zikifika kiwango chao cha 9, shahada inaongezewa 25 badala ya 13, na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu nje ya Kanada unaongezewa 50 badala ya 25. Stadi moja ikibaki nyuma, zote zinakwama nayo. Basi nikajua pesa yangu iende wapi: kwa mwalimu wa kuandika, si kwa wakala. Nikarudia mtihani Dar, na 7 ikapatikana. Angalizo kwa wauguzi wenzangu: Express Entry wanataka IELTS ya General Training, ile ya Academic haihesabiwi, na matokeo yanadumu miaka 2.

Karatasi ndizo zilizonichosha. Tathmini ya shahada inadumu miaka 5, lakini transkripti yangu ilitakiwa itoke chuoni moja kwa moja, na masijala unazijua: njoo kesho, aliyeshika faili yuko likizo. Barua ya kazi nayo ni habari nyingine. Sisi tumezoea ile ya mistari miwili, "tunathibitisha kuwa fulani ni mtumishi wetu", muhuri, basi. Wao wanataka cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu yako halisi. Niliandika rasimu mwenyewe nikampelekea mtu wa utumishi, akaisoma akacheka: "Dada, hii barua au kitabu?" Lakini alisaini.

Sasa huyo wakala. Alikuwa na mambo mawili ya kuuza. La kwanza, barua ya ajira kutoka Kanada "ya kuongeza pointi". Zamani ofa ya kazi ilikuwa na pointi 50 au hata 200, lakini tangu tarehe 25 Machi 2025 zimefutwa kwenye hesabu hii. Nilipomwambia, akasema hizo ni habari za mitandaoni. La pili, aliniambia "tuongeze miaka kidogo" kwenye uzoefu. Adhabu ya kudanganya kwenye maombi ni kufungiwa miaka 5. Na kisheria, anayekulipisha kwa kazi hiyo awe wakili, mthibitishaji wa nyaraka za kisheria (notari) wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Mwombe namba ya usajili uone atakavyokohoa.

Kuna pesa ya kuonyesha pia. Mwaka 2025 kwa mtu mmoja iliwekwa dola 15,263 za Kanada, na isiwe ya kukopa. Wanaangalia na wastani wa salio la miezi 6, kwa hiyo ule mtindo wetu wa kuchangishana wiki ya mwisho, shangazi atume na mjomba atume, unaleta maswali.

Nchi nyingine nilizipima harakaharaka. Australia wanaanzia 65, na kwa umri wangu wanatoa 25. Mwenye miaka 25 hadi 32 anapata 30. Uingereza wanasema pointi 70, lakini bila mwajiri mwenye leseni ya kudhamini huna pa kuanzia, kwa hiyo pointi hapo ni jina tu.

Kasoro za kikokotoo? Kinakupa namba bila kukuambia kama inatosha. Kanada hualika watu kwa mizunguko, na kila mzunguko una pointi zake za chini; mwaka 2024 mizunguko ya jumla ilikuwa juu ya 500. Ya watu wa afya ilishuka mara moja hadi 422, Februari, na mimi bado ningeachwa na 407 yangu. Mwezi huohuo mzunguko wa wanaojua Kifaransa ulifika 336. Nilipojaribu Kifaransa cha kiwango cha 7 kwenye kikokotoo, niliongezewa 62. Ndiyo maana siku hizi nikitoka zamu nafungua masomo ya Kifaransa kwenye simu, mama ananisikia naongea peke yangu uani. Nikitimiza 34 nitapoteza pointi 5, lakini hizo 62 zitazifidia na kubaki.

Jingine lisilosemwa humo: pointi zinakupa ukaazi, hazikupi leseni. Muuguzi lazima asajiliwe na bodi ya jimbo, na karibu majimbo yote yanatumia NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Huo nimeanza kuusomea sambamba, kwa sababu kusubiri mwaliko ndipo uanze ni kufika Kanada ukiwa muuguzi wa karatasi.